Mabati ya Mama na Chuma cha Chini Kabisa

Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya pili kuezekwa kwa mabati upande ule wa Munigi, nje ya Goma, na ilikuwa ya kwanza kuezuliwa. Haikuezuliwa na upepo wala na moto wa volkano ya Nyiragongo. Iliezuliwa na askari, kwa amri ya Wazungu, na aliyesimama mlangoni kumweleza mama sababu, kwa adabu na kwa maneno yaliyopangwa vizuri, alikuwa mume wangu.

Nimezeeka sasa, na wanangu hunishauri niliache jambo hili lipumzike. Wao hawakuwepo.

Baba yangu alitumikia shamba la kahawa la Mbelgiji mmoja huko Rutshuru tangu ujana wake hadi kifua kilipomshinda. Hakurudi na ng'ombe wala na baiskeli. Alirudi na mabati, au manjanja kama tulivyozoea kusema, aliyokuwa akiyaleta machache kila mwaka juu ya lori la kahawa, ameyafunga kwa kamba ya mgomba na kuyakalia mwenyewe njia nzima yasije yakaibwa. Alikufa kabla nyumba haijaisha. Mama na kaka yake, mjomba wangu, ndio waliopigilia mabati ya mwisho.

Mtu asiyewahi kuishi juu ya mawe ya volkano hawezi kujua bati ni nini. Kule Munigi hapakuwa na kisima wala kijito. Mvua iliponyesha, maji yalipotea ndani ya nyufa za mawe meusi kana kwamba hayakunyesha. Mwanamke mwenye nyumba ya nyasi alishuka hadi ziwani na kupanda tena na mtungi kichwani, na akifika nyumbani jua limekwisha kuwa kali. Mama alikuwa amepasua mianzi na kuifunga chini ya ukingo wa paa, na maji yakatiririka hadi kwenye pipa. Kwa maji hayo alipika, alifua, na alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi aliyokuwa akiiuza siku za soko. Majirani walikuja kuomba naye akawapa. Kila mtu alijua njia ya kwenda kwenye pipa la mama.

Mume wangu alikuwa Munande wa Butembo, mwalimu katika shule ya misheni. Sisi tulizungumza Kinyarwanda nyumbani, kwa hiyo yeye na mama walikutana katika Kiswahili. Mwanzoni mama hakumtaka. Alisema watu wa Butembo huenda mbali kwa biashara wakasahau njia ya kurudi. Lakini alipoona kwamba huyu hakuwa na biashara yoyote ila chaki, alimkubali, na baada ya hapo alimheshimu kama mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Hakula mbele yake. Hakumkazia macho. Alimwita "mukwe wangu" hata tulipokuwa mimi na mama peke yetu.

Tulikaa Murara, mtaa wa Goma, katika nyumba ya vyumba viwili. Nilimpenda mume wangu kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza. Angeweza kusimama njiani akitazama mchwa mpaka chakula kipoe. Mapadri walimsifu kwa mwandiko wake, lakini kuuliza kwake hakukuwafurahisha sana, naye alijifunza kunyamaza mbele yao na kuniletea mimi maswali yake.

Miaka michache kabla ya uhuru alifika Goma Mbelgiji mmoja mrefu, mwenye miwani na sauti ya chini. Hakuwa padri, hakuwa mwenye shamba la kahawa, wala hakuwa mtu wa Bulamatari, jina ambalo sote tuliipa serikali. Alikuja na masanduku ya mbao yaliyojaa nyasi kavu, na ndani ya nyasi mlikuwa na vyombo vya shaba vyenye sindano nyembamba zilizoning'inia kwa uzi. Watu walimwita bwana wa sindano. Aliwaomba mapadri mtu anayejua Kifaransa vizuri na mwenye mkono mtulivu, nao wakamwazima mume wangu.

Sijawahi kumwona mwanamume mwenye furaha kama ile. Aliporudi nyumbani siku ya kwanza hakukaa chini. Alipindua baiskeli yake uani, magurudumu juu, akaniambia niizungushe pedali. Nikazungusha. Taa ya mbele ikawaka.

"Unaona," alisema. "Ndani ya hii dinamo kuko sumaku ndogo. Inazunguka karibu na waya za shaba, waya zinapata umeme, taa inawaka. Sasa dunia yote iko na dinamo yake, chini kabisa, mu kati yake. Lakini ile haina waya, na hakuna mutu aliyeweka sumaku ndani."

"Si kuko sumaku kubwa tu, ilizikwa kule?"

"Mie vilevile nilisema hivyo. Bwana akacheka. Leta musumari."

Nilimletea msumari. Alikuwa na kipande cha sumaku alichopewa kazini, na kilishika msumari mara moja. Kisha akautia katika makaa ya jiko langu, akapuliza kwa kipande cha bomba hadi ukawa mwekundu kabisa, karibu na rangi ya chungwa. Akaushika kwa koleo na kuusogezea sumaku. Sumaku haikuuvuta hata kidogo. Tulingoja upoe, ukavutwa tena.

"Chuma ikipata moto sana inasahau sumaku," alisema. "Na chini kule moto unapita huu mbali sana. Chuma yenyewe imeyeyuka. Basi nguvu haiwezi kutoka mu chuma iliyolala. Inatoka mu kutembea kwake."

Alinieleza kwa sufuria yangu ya maharagwe, na sijasahau. Maharagwe yakichemka, yale ya chini hupanda kwa sababu ni ya moto, yakifika juu hupoa kidogo na kushuka. Chuma kile kilichoyeyuka hufanya vivyo hivyo, polepole mno, kwa sababu dunia inapoa tangu zamani na joto lake linatafuta pa kutokea. Dunia nayo inajizungusha, kwa hiyo mikondo ile haipandi wima, inapindwa na kusokotwa kama kamba. Chuma ni kitu kinachopitisha umeme. Kikitiririka mahali penye nguvu ya sumaku, umeme unazaliwa ndani yake. Umeme huo nao unazaa nguvu ya sumaku. Chuma kinatiririka tena ndani ya nguvu hiyo, na umeme unazaliwa tena. Hivyo kinajilisha, na kuni zake ni lile joto.

Nilimwuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Na ile nguvu ya kwanza kabisa ilitoka wapi?"

Alifurahi kama nimempa zawadi. "Njo swali nililouliza mie. Bwana anasema kidogo tu inatosha kuanzia, hata ile inayotoka ku jua. Kisha inajikuza yenyewe. Lakini anasema wenye kuifanyia hesabu, huko Ulaya na Amerika, hawajamaliza. Inawezekana iko hivyo. Bado banatafuta."

Halafu alichukua dira na kuisogeza kwenye ukuta wa ua wetu, uliojengwa kwa mawe ya volkano kama kuta zote za Goma. Sindano ilitetemeka, ikageuka, ikaacha kabisa kuelekea kaskazini. Aliniambia kwamba mawe hayo yanapotoka mlimani yakiwa moto hayana sumaku, lakini yakipoa yanashika ile nguvu ya dunia ya siku hiyo na kubaki nayo. Alinionya vilevile kwamba moto wa Nyiragongo si ile chuma ya chini kabisa, wala hautoki huko. Unatoka karibu, kwenye ganda tu. Wengi wanachanganya, alisema.

"Sasa kama mawe yenyewe yanavuta sindano," nikamwuliza, "huyu bwana atapima ile nguvu namna gani hapa kwetu?"

"Amepata pahali penye majivu mengi. Udongo ni munene, mawe yako mbali chini. Alichunguza."

Pahali penyewe palikuwa karibu na nyumba ya mama.

Walijenga kibanda cha mbao bila msumari wa chuma hata mmoja. Mbao zilishikwa kwa vigingi na kwa misumari ya shaba iliyoletwa kutoka Ulaya, na bawaba za mlango zilikuwa za shaba. Kabla ya kuingia, bwana wa sindano alitoa funguo na kisu mfukoni, akavua saa, akavua mkanda. Mume wangu naye alivua mkanda wake na kujifunga suruali kwa kamba ya katani, na rozari yake aliiacha juu ya jiwe nje. Majirani walitazama na kucheka. Mama hakucheka. Alisema Mzungu akivua mkanda mwenyewe, mtu ajihadhari.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda. Kisha, siku moja mchana, mume wangu alirudi mapema akakaa kwenye kigoda bila kugusa chakula. Aliniambia kwamba sindano hazitulii. Watu wanapita na majembe, na nyumba ya mama iko karibu mno. Bwana amemwandikia ajenti wa serikali, na ajenti amekubali kwamba chuma chote kilicho karibu kiondolewe.

"Chuma chote ni nini?" nikamwuliza.

"Manjanja. Pipa. Vyombo."

"Umemwambia ile ni nyumba ya mama mukwe wako?"

"Nilimwambia. Alisikitika. Anasema batarudisha yote kazi ikiisha, na sasa bataweka nyasi nzuri."

"Na maji?"

Alisema yeye ndiye atakayetumwa kumweleza mama. Nilimwambia akatae kwenda. Alisema akikataa watampeleka mwingine, askari asiyemjua mama, atakayemsukuma. Ni afadhali maneno yatoke kwa mtu anayemheshimu. Nimeifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu kuliko muda wote niliokaa naye, na bado siwezi kusema ilikuwa ya uongo. Lakini kuna kazi ambazo heshima huzifanya ziwe mbaya zaidi.

Nilikwenda pamoja nao. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na mama alipotuona tunakuja alidhani nina shida ya tumbo, akatoka mbio. Kisha akaona nyuma yetu ajenti na kofia yake nyeupe, bwana wa sindano, na askari watatu.

Mume wangu aliinama kidogo, akatazama chini kama desturi inavyotaka.

"Mama," alisema, "Bulamatari inasema manjanja yote iondoke. Na pipa. Jembe na panga vikae mbali, kwa mujomba."

"Juu ya nini?"

"Chini ya miguu yetu, mbali sana, kuko chuma iliyeyuka. Inatembea kama mayi. Ikitembea inazaa nguvu inayoshika dunia yote, njo inayofanya sindano iangalie kaskazini. Hii bwana anataka kuipima. Manjanja yako inavuruga sindano yake."

Mama alifikiri. Hakuwa mtu wa kukurupuka. "Nani alienda kuiona hiyo chuma?"

"Hakuna mutu, mama. Haiwezekani kufika."

"Ile chuma yenye hakuna mutu ameiona, huyu anaisikia," mama alisema. "Mimi niko hapa mbele yake, hanisikie. Mwulize. Mvula ikianguka, maji nitayapata wapi? Mwulize hivyo, mukwe wangu."

Ajenti alikuwa akipiga buti yake kwa kijiti. Akauliza kwa Kifaransa mwanamke anasema nini. Mume wangu akamjibu kwa Kifaransa kwamba mama ameelewa.

Nilikuwa nimesoma kwa masista. Sikujua Kifaransa kingi, lakini neno hilo nililijua. Mama aliuliza juu ya maji, na swali lake halikufika. Lilikufa katikati ya watu wawili, kinywani mwa mume wangu. Bwana wa sindano alivua kofia yake na kumwinamia mama kidogo. Nadhani alimshukuru.

Askari walipanda. Hawakuwa na haja ya kung'oa misumari kwa uangalifu, kwa hiyo waliyavuta mabati mpaka yakapasuka pembeni. Mama alisimama chini akisema neno moja tu kwa Kinyarwanda, "Buhoro, buhoro," polepole, kama mtu anayewaambia waliobeba mgonjwa. Vumbi la masizi ya miaka yote lilishuka juu ya kitanda chake. Pipa waliliviringisha hadi kwenye lori, na maji yaliyokuwamo waliyamwaga kwenye mawe.

Nyasi zililetwa na wafungwa siku nne baadaye, fupi na chache. Mjomba aliongeza majani ya migomba. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, nyumba ilivuja kila mahali, na mama alihamisha kitanda chake kutoka kona hii hadi ile. Nilimwomba aje kwetu Murara. Alisema hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake huku la kwake limevuliwa na yeye huyohuyo. Alikuwa sasa anashuka ziwani kama wanawake wengine, yeye ambaye walikuwa wakimjia kuomba. Kasiksi aliacha kuitengeneza, kwa sababu maji ya kubeba kichwani hayatoshi kwa pombe.

Mume wangu alimpelekea maji kwa baiskeli kila alivyoweza, mitungi miwili ikining'inia pembeni. Baiskeli aliiacha nje ya ua, mbali na kibanda, kwa sababu ni chuma. Mama hakuitumia mitungi ile. Aliwapa majirani.

Katika mvua za mwezi wa kumi na moja alianguka. Mawe yale yakilowa ni kama sabuni, na kingo zake zinakata. Alikuwa anapanda kutoka ziwani, akateleza, na nyonga ikavunjika. Alilala njiani mpaka wanawake wa soko walipompata. Hospitalini walimfunga, wakamlaza, kisha wakasema mfupa wa mahali pale kwa mtu wa umri ule hauungi. Tulimleta kwetu kwa machela. Hapo hakuwa na nguvu tena ya kukataa.

Wakati mama amelala katika chumba chetu cha pili, mume wangu alirudi kutoka kazini akiwa amevaa mkanda wake. Nilijua jambo limekwisha kabla hajasema.

"Banabomoa kibanda," alisema.

"Juu ya nini?"

Alisema bwana wa sindano amechimba shimo mwezi uliopita, na majivu hayakuwa mazito kama alivyodhani. Mawe yako karibu, na yana sumaku kali. Chombo kikiwekwa upande huu wa kibanda kinasema hivi, na upande wa pili kinasema vingine. Nguvu ya chuma cha chini kabisa haiwezi kutenganishwa na kelele ya mawe. Wangehamia upande wa kusini wa ziwa, kwenye udongo mwekundu.

"Na manjanja ya mama?" nikamwuliza. "Ilikuwa inavuruga kiasi gani?"

Alijibu ukweli, na hilo nampa. "Mbele ya mawe, haikuwa kitu."

"Bwana amesema nini?"

"Amesema ni bahati mbaya."

Kutoka chumba cha pili mama alikuwa akisikiliza. Mlango ulikuwa pazia tu.

Mume wangu alikuwa ameahidiwa kwenda na chombo, kufundishwa kukisoma na kukitunza, kuwa mtu wa kituo. Hilo ndilo lililomfanya avumilie. Sasa aliambiwa kwamba kijana mmoja anakuja kutoka Ulaya kwa kazi hiyo, na kwamba kwa Mwafrika bado haijapangwa. Bwana wa sindano alimpa mkono, akamwambia ana akili. Kisha akaondoka na masanduku yake, na hatukusikia tena habari zake. Shuleni mume wangu alikuta darasa lake limepewa mwingine, naye akarudishwa kwa watoto wa kwanza, wale wa kuchora vijiti.

Mimi nilikwenda kwa ajenti kudai mabati. Nilikwenda na mtoto mchanga mgongoni. Karani aliniambia yako boharini. Wa bohari aliniambia yametumika. Nilipokuwa natoka niliyaona juu ya gereji ya ajenti, yakiwa yamepangwa vizuri na kupakwa rangi ya kijani. Niliyajua kwa zile pembe zilizopasuka. Gari lake lilikuwa kavu kabisa chini yake. Nilisimama pale mpaka askari akaniuliza ninatazama nini, nikamwambia natazama nyumba ya mama yangu. Alidhani nina wazimu, akaniacha nipite.

Mama aliishi nyumbani kwetu zaidi ya mwaka mmoja, na muda wote huo hakusema neno na mume wangu. Si kwa kelele, wala kwa matusi. Desturi ilikuwa imempa kisingizio, kwa kuwa mama mkwe hana ulazima wa kuongea na mkwe. Lakini zamani alikuwa akimsalimu, akimwuliza habari za Butembo, akimtania kwa heshima. Sasa, mume wangu akisimama nyuma ya pazia na kusema, "Mama, umeamkaje?", mama angenigeukia mimi na kusema kwa Kinyarwanda kwamba uji umepoa. Mume wangu ndiye aliyechota maji ya mama kila alfajiri. Yeye ndiye aliyemtengenezea kiti cha kukalia juani. Mama alikikalia kiti, hakumshukuru fundi.

Mimi nilikuwa katikati. Nilimpikia huyu na huyu. Usiniulize nilikuwa upande gani. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa na mdomo.

Mama alikufa kiangazi, kifua kilichombana baba kikambana na yeye. Tulimzika Munigi, na majivu yale waliyodhani ni mengi yalikuwa machache kweli: wachimba kaburi waligonga jiwe mapema na ikabidi walivunje kwa nyundo.

Siku ya kuondoa matanga ndugu zetu walikuja kutoka Rutshuru. Wanaume walikaa duara kuzunguka chungu cha pombe, na wanawake tulikaa upande wa pili wa ua. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa. Baada ya sala na maneno ya kawaida alimgeukia mume wangu.

"Mukwe wetu," alisema, "dada yangu alianguka akibeba maji. Alibeba maji kwa sababu hakuwa na manjanja. Hawa waliokaa mbali waliambiwa ni juu ya sindano. Wewe ni mwalimu. Simama utuelezee, tusikie jambo lililohitaji manjanja ya dada yangu."

Nilidhani ataomba radhi. Nadhani kila mtu alidhani hivyo, na kama angeomba yangekwisha pale, kwa sababu mjomba alikuwa ameacha mlango wazi. Mume wangu alisimama. Alitazama mikono yake. Kisha akaanza kueleza.

Alieleza yote. Alisema katikati ya dunia kuna chuma, sehemu ya ndani ngumu na inayoizunguka majimaji. Alisema majimaji hayo yanapanda na kushuka kwa joto, yanasokotwa na mzunguko wa dunia, na kwamba katika kusokotwa huko yanazaa umeme, na umeme unazaa sumaku, na sumaku inarudi kuzaa umeme. Alisema nguvu hiyo inatoka hadi nje, juu ya mawingu, mbali sana, na kwamba bwana alidhani huenda inatukinga na mambo mabaya yanayotoka kwenye jua. Alisema ndiyo inayoongoza meli na ndege. Alisema hakuna aliyeiona, na hesabu zake hazijaisha, na kwamba ni kitu kikubwa kuliko mtu yeyote. Sauti yake ilianza chini, kisha ikapata nguvu, na kwa muda mfupi nilimwona tena yule mwanamume aliyepindua baiskeli uani. Nilimchukia kwa hilo. Nilitaka aseme jina la mama, yeye anasema kaskazini.

Sasa naelewa kwamba alikuwa anajaribu kumpa mama sababu kubwa. Kama kitu kile kilikuwa kikubwa vya kutosha, basi kuanguka kwake hakukuwa upuuzi. Lakini sababu haikuwa chuma cha chini kabisa. Chuma kile hakikumwomba mama chochote. Sababu ilikuwa kwamba palipohitajika kitu cha kuondolewa, walitazama huku na huku wakaona mjane mweusi.

Mtoto wetu alilia, nikamnyonyesha.

"Tumesikia," mjomba alisema. "Kaa."

Akakaa. Mjomba alichukua mrija, akanywa, akampa aliyekuwa kuliani kwake, naye akanywa, akampa wa pili. Mrija ulizunguka mkono kwa mkono. Ulipofika kwa mtu aliyekaa kabla ya mume wangu, mtu huyo alinyoosha mkono mbele ya kifua cha mume wangu na kumpa aliyekaa upande wake wa pili. Mume wangu alibaki na mikono magotini, akitazama chungu.

Alifundisha miaka mingi baada ya hapo, chini ya serikali nyingi. Watoto wakimwuliza kwa nini dira inaelekea kaskazini, aliwajibu kwamba ndivyo ilivyo, akaendelea na hesabu.